Fundi Sikio na Paa Lililonyamaza

Ilikuwa mwaka ule wa mvua nyingi, ule ambao daraja la mbao lilichukuliwa na maji. Hapana, si huo. Mwaka wa daraja fundi Sikio alikuwa bado anatengeneza jenereta, na hakuna aliyekuwa akizungumza habari za sola. Basi ni mwaka uliofuata, ule wa vumbi, maana watu walikuwa wakipanda mapaani na vitambaa kufuta paneli, na mwaka wa mvua mtu hafuti vumbi. Tuseme mwaka wa vumbi, tuendelee.

Sikio si jina alilopewa na mama yake. Alipewa na mtaa, kwa sababu ya namna yake ya kufanya kazi. Ukimpelekea jenereta mbovu hakukimbilia kuifungua. Aliiwasha kwanza, kama ilikubali kuwaka, akachukua bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao, ncha akaiweka juu ya chuma na mpini akautia sikioni, kisha akafumba macho kama mtu anayenong'onezwa umbea na shemeji yake. Akaihamisha ncha huku na huku. "Hapa anakohoa," angesema. "Na huku anasaga meno, lakini si sana, ni uzee tu." Ndipo alipochukua spana.

Kazi hiyo ilimlisha kwa sababu nguzo za umeme zilifika mpaka barabara kubwa zikasimama pale, kama wageni wasioambiwa karibu. Ndani ya mtaa hazikuingia. Kwa hiyo kila duka lilikuwa na jenereta yake mlangoni, imefungwa mnyororo kama mbwa mkali, na tangu asubuhi mtaa ulikuwa unanguruma. Watoto waliozaliwa pale walizoea kupaza sauti, hata wakienda kumsalimia bibi yao shambani bibi huuliza wanagombana na nani.

Kila jenereta ilikuwa na sauti yake. Ya fundi cherehani, mama mmoja mnene mwenye maneno makali, ilikuwa nzito na ya polepole. Ya kinyozi ilichechemea: tu-tu-tú, tu-tu-tú, kama mtu mwenye mwiba kwenye kisigino. Sikio alitaka kuuondoa mwiba huo miaka mingi, lakini kinyozi alikataa. "Wewe ndiye rafiki yangu tangu sote wawili tulipokuwa na nywele," alimwambia, "lakini hiyo iache. Nimeizoea."

Basi ukaja mradi. Wenyewe walikuja na gari safi, wakaitisha mkutano katika ukumbi wa shule. Walisema watafunga sola juu ya kila paa la duka, wenye maduka watalipa kidogo kidogo, na kazi ya kufunga wataifanya mafundi wa mtaa wenyewe baada ya kufundishwa. Waliziita ajira za kijani. Sikio alirudi nyumbani akamuuliza mkewe, "Mama watoto, kazi yangu ya siku zote hizi ilikuwa ya rangi gani?"

"Nyeusi," alijibu mkewe. "Mimi ndiye ninayefua."

Lakini kulikuwa na masharti mawili. La kwanza, fundi wa mradi asiwe tena fundi wa jenereta, achague. La pili, mtaa huo ulikuwa wa majaribio. Watu wakizikataa paneli, mradi unahamia mtaa mwingine, na ajira zinakwenda na mradi. Mke wa Sikio aliyasikiliza yote huku akichambua mchele. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, ila kila neno lake lilikuwa na kitako cha kukalia.

"Usiache mbachao kwa msala upitao," alisema.

"Na mbachao wenyewe ukiwa umetoboka? Kila mwenye duka anasema akipata sola jenereta ataiuza. Mimi nitabaki na bisibisi nasikiliza ukuta."

"Basi nenda. Lakini ufunguo wa kibanda nipe mimi. Mlango nitaufunga, kibanda sikibomoi."

Akampa ufunguo, mwanamke akaufunga kwenye pindo la kanga, na habari ya ufunguo ikaishia hapo kwa muda.

Ukweli ni kwamba Sikio hakwenda kwa sababu ya hofu tu. Alikwenda kwa sababu alitaka kujua. Watu wengine wakiona kitu kipya huuliza bei. Yeye aliuliza kinafanyaje. Siku ya kwanza ya mafunzo alifika mapema, akakuta paneli moja imeegemezwa ukutani uani pa shule, inaota jua. Akaizunguka. Akaipapasa mgongoni. Akatazama kushoto na kulia, akatoa bisibisi, ncha akaiweka kwenye fremu na mpini sikioni, akafumba macho.

Hakusikia kitu. Alisikia damu yake mwenyewe ikipita, na mbali kidogo, jogoo.

"Umesikia nini, baba?" Sauti ilikuwa ya mwalimu wa sola, dada mmoja mwembamba aliyevaa viatu vizito kuliko miguu yake. Alikuwa amesimama nyuma yake muda wote huo.

"Sijasikia kitu, mwalimu. Ninyi mnajuaje kama yuko hai?"

Mwalimu hakumcheka. Alimpa kipimo chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, akamwonyesha pa kugusa, namba zikapanda. "Huyu hazungumzi," alisema. "Anaandika."

Sikio aliupenda sana usemi huo, akaurudia nyumbani mpaka mkewe akamwomba apumzike.

Mafunzo aliyaelewa. Pale alipokwama kusoma, alitumia macho na mikono. Alijifunza paneli itazame wapi, nyaya zipite wapi zisiliwe na panya, na kile kisanduku kidogo kinachoizuia betri isivimbiwe. Siku ya mwisho mwalimu akauliza kama kuna mwenye swali, na Sikio akanyoosha mkono.

"Hii kitu huharibika baada ya muda gani?"

"Ikifungwa vizuri, baba, inakaa miaka na miaka. Ndani hakuna kinachozunguka, hakuna kinachosagika."

Darasa zima likapiga makofi, maana walikuwa watu waliochoka na vitu vinavyoharibika. Sikio hakupiga. "Na fundi je?" aliuliza. "Kitu kisipoharibika, fundi anakula wapi?"

"Swali zuri sana," alisema mwalimu. "Tutalirudia." Kisha ikaja chai, watu wakasimama, na swali likabaki limekaa peke yake kwenye benchi.

Wakampa shati la kijani.

Wa kwanza kukubali kufungiwa alikuwa kinyozi, kwa heshima ya urafiki. Sikio alipanda paani, akafunga, akashuka, akawasha. Taa ikawaka, mashine ya kunyolea ikanung'unika mkononi mwa kinyozi. Wakaivuta jenereta mpaka ndani, wakaifunika gunia. Hapo palikuja utulivu ambao duka lile halijawahi kuujua. Siku hiyo kinyozi aligundua kwamba mteja wake wa miaka yote, dereva mstaafu wa malori, alikuwa na kigugumizi. "Kumbe!" alimwambia Sikio baadaye. "Mimi nilidhani ni jenereta."

Siku chache zilikuwa za furaha. Baadaye kinyozi akaanza kukaa kwenye kiti chake mwenyewe, kile cha wateja, akijitazama kwenye kioo. Wateja hawakuja. Taa ilikuwa inawaka, wembe ulikuwa umenolewa, taulo zimekunjwa, na kichwa kilichokuwapo dukani ni chake tu, ambacho hakikuwa na kazi ya kumpa mtu.

"Walisema kizuri chajiuza," alimwambia Sikio. "Basi hiki chako ni kizuri cha namna gani? Tangu umefunga, hata nzi amepungua."

"Kimeharibika?"

"Kingeharibika ningejua la kufanya."

Sikio alipanda tena paani. Akafuta vumbi, akapima, akakaza kila skrubu. Hakikuwa na kasoro. Akashuka akiwa amekunja uso, kwa sababu nyuma ya kinyozi kulikuwa na mtaa mzima. Fundi cherehani alikuwa amesema wazi kwamba anatazama kwanza kinyozi anafanyaje. Wengine wote walikuwa wanamtazama fundi cherehani. Kinyozi akisema ng'oa, hakuna paa lingine litakalokubali, mradi utaondoka, na yeye Sikio atabaki na shati la kijani na kibanda kilichofungwa.

Hakuondoka. Aliomba kiti, akakaa asubuhi nzima ndani ya duka, akafumba macho, akasikiliza, bila bisibisi safari hii. Duka lile, niseme kwa asiyelijua, halionekani kutoka barabarani. Mlango wake unatazama uchochoro nyuma ya maduka mengine. Akasikia hatua za mtu zikija mpaka mdomo wa uchochoro. Zikasimama. Zikageuka. Baadaye hatua nyingine, nzito, za viatu vya ngozi. Nazo zikasimama, zikageuka. Sikio akainuka akazifuata, akamkuta dereva mstaafu, nywele zimemwota mpaka masikioni.

"Mzee mwenzangu, mbona umefika kwenye kona ukarudi?"

"Ni-ni-nilidhani amesafiri," alisema dereva. "Si-sikusikia. Ile sola ni-niliisahau."

Sikio akabaki amesimama. Ndipo alipoona mambo yalivyo. Miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa akienda kwa kinyozi kwa macho. Watu walifika kwenye kona, wakatega sikio. Wakisikia tu-tu-tú, wakaingia. Wasiposikia, wakaenda zao. Na fundi mwenyewe, anayeitwa Sikio, ndiye aliyelizima duka akijua analiwasha.

Alimweleza kinyozi. Na kinyozi, bila kungoja ushauri, alifanya jambo ambalo sidhani kama mtu wa mtaa mwingine angelifanya. Aliitoa jenereta nje, akaifunga mnyororo wake, akaijaza petroli, akaiwasha. Haikuunganishwa na kitu. Taa na mashine vilitumia jua. Jenereta ilinguruma bure, kazi yake ikiwa ni kusema tupo. Mchana huohuo wateja wakarudi, dereva mstaafu akiwa wa kwanza.

Fundi cherehani alitoka dukani kwake, kiuno kimeshikwa kwa mikono miwili. "Debe tupu ndilo huvuma," alisema. "Na wewe lako umelitia na petroli."

"Wewe shona," alisema kinyozi. "Vichwa niachie mimi."

Sikio alijua kwamba si sawa. Lakini moyoni, jambo hili hakumwambia mtu isipokuwa mkewe, alifurahi kuisikia tena.

Wiki hiyohiyo mwalimu wa sola akaja kukagua. Alisikia mngurumo akiwa bado barabarani, akaufuata mpaka uchochoroni, akasimama mbele ya jenereta inayotetemeka chini ya paneli inayong'aa. Alitazama juu, akatazama chini.

"Paneli haifanyi kazi?"

"Inafanya vizuri sana," alisema kinyozi.

"Na hii je?"

"Hiyo ni ya kuita wateja."

Mwalimu alimgeukia Sikio, naye Sikio akatazama viatu vyake. "Baba," alisema mwalimu kwa sauti ya chini, "nikisema huko nilichokiona hapa, mtaa huu unafutwa. Watasema watu wa huku hawajakuwa tayari. Na mimi kazi yangu ni ya mkataba, sitaulizwa mara mbili. Nitarudi wiki ijayo. Nisiikute."

Alipoondoka, kinyozi alizima jenereta, na uchochoro ukawa kama umemwagiwa maji. "Ndugu yangu," alisema, "mimi sikuchukii. Lakini kuwa na taa bila vichwa ni ujinga. Ukishindwa, njoo uing'oe."

Sikio alikwenda nyumbani, akala, kisha akanyoosha kiganja. "Mama watoto, nipe ule ufunguo."

Mkewe aliufungua kutoka kwenye pindo. "Nilijua," alisema.

"Hujajua. Nataka vyuma chakavu tu."

Asubuhi alifungua kibanda. Harufu ya mafuta ilimpokea kama ndugu. Alichimbachimba kwenye rundo la vitu vya watu waliokwisha kuvisahau, mpaka akapata feni ndogo iliyotoka kwenye gari bovu, ya aina inayokubali umeme wa betri bila kunung'unika. Akakata kipande cha bati kutoka kwenye kopo, akakifunga mbele ya feni, mapanga yakipita yakipige. Akaiwasha: trrrr, moja kwa moja, kama mbuzi anayetikisa kengele. Haikuwa yenyewe. Mtu angeisikia asijue ni ya nani. Akakunja panga moja kidogo, akajaribu. Akakunja jingine. Alikaa hapo, bisibisi sikioni, akikunja na kukunjua, na wapita njia wakamwona na shati lake la kijani anasikiliza feni, wakasema mradi umemtia wazimu mzee wa watu.

Mwishowe ikachechemea. Tu-tu-tú. Tu-tu-tú. Ndogo kuliko ile ya zamani, lakini mwiba ulikuwa kisigino kilekile.

Waliipachika kwenye kona, pale hatua zilipokuwa zikisimama, wakavuta waya kutoka kwenye betri. Jenereta ikarudi chini ya gunia. Wakakaa ndani kusubiri, kinyozi akijifanya anapanga vitana. Hatua za viatu vya ngozi zikaja. Zikafika kwenye kona. Zikasimama kidogo, kidogo sana, halafu zikaingia.

"U-umenunua jenereta mpya?" aliuliza dereva mstaafu. "Hii ha-haitoi moshi."

Mwalimu aliporudi, aliisikia kutoka barabarani na uso ukambadilika. Sikio alimwona akija kwa hatua za mtu aliyeandaa maneno. Akafika kwenye kona. Akatazama feni, akatazama bati, akafuata waya kwa macho mpaka kwenye betri.

"Hii mliipata kwenye somo lipi?" aliuliza mwishowe.

"Hatukulifikia somo hilo, mwalimu."

"Inaitwaje?"

Hapo hakuna aliyekuwa na jina. Fundi cherehani, aliyekuwa amesogea kusikiliza, ndiye aliyelitoa. "Inaitwa nipo," alisema. "Na mimi nifungieni sola yangu, lakini nipo yangu iwe nzito. Sitaki kuchanganywa na wanyoa vipara."

Tangu hapo Sikio hakupata pa kuweka mkono. Mapaa yalikubali moja baada ya jingine, na kila mwenye duka alitaka nipo yake, yenye mwendo wa jenereta yake ya zamani. Sikio alizikumbuka sauti zote. Mwenye duka la simu alitaka kuongezewa mikogo, akamwambia mikogo ni kazi ya mwenye duka. Mtaa ukarudi kuwa na sauti, ila sauti za kiasi, mtu aliweza kusalimiana na mwenzake bila kuvimba shingo. Usiku wa kuamkia sikukuu ya shule, hapana, hiyo ni hadithi nyingine, ya mbuzi aliyekula waya, nitaiacha.

Lakini mapaa yana mwisho. Lilipofungwa la mwisho, mradi ulifanya mkutano mwingine katika ukumbi uleule, wakapiga picha, wakashukuru, gari safi likaondoka likiwa na vumbi. Walisema watapiga simu. Sikio aliweka simu karibu na mto kwa muda, baadaye akairudisha mezani.

Na sola hazikuharibika. Mwalimu alikuwa amesema kweli. Sikio alipita dukani kwa watu na kipimo chake, akipima bila kuitwa, namba zinapanda, watu wanamwambia ahsante fundi, kila kitu kizuri. Alikuwa amefunga vizuri mno. Kilichoharibika kilikuwa kimoja tu: bati za nipo. Zilikuwa zinapigwa kutwa, zinachoka, zinakatika, na duka likanyamaza. Basi alikata bati, akafunga bati. Akarudi kibandani, kwa sababu bati ilihitaji meza. Mkewe hakusema nilikuambia. Alifua lile shati la kijani, likazidi kupauka, siku moja akaliinua juani akauliza, "Baba watoto, sasa hii ni rangi gani?" Na Sikio alilitazama kwa kweli, maana lilikuwa swali la kweli, akashindwa kulipa jina.

Hata bati zenyewe, kinyozi alikuwa amejifunza kubadilisha. Alimtazama mara mbili, mara ya tatu akakata mwenyewe. "Nisikusumbue," alisema, kwa wema wote wa rafiki.

Mwalimu wa sola alirudi mtaani siku moja alasiri, kwa miguu, na begi begani, viatu vilevile vizito. Mkataba wake nao ulikuwa umekwisha. Alisema anapita tu kuwasalimia, lakini mtu anayepita tu hatembei na vyeti vyake begini. Sikio alimpangusia kigoda, mkewe akaleta chai na mkate, wakakaa mlangoni pa kibanda. Uchochoroni tu-tu-tú ilikuwa inachechemea, na ya fundi cherehani ikiiitikia kwa uzito.

"Naomba niazime hiyo," alisema mwalimu. Alichukua bisibisi, akaenda mpaka kwenye kona, ncha akaiweka kwenye feni na mpini sikioni, akafumba macho. Alikaa muda mrefu.

"Umesikia nini, mwanangu?"

"Yuko hai," alisema mwalimu. "Anakohoa kidogo."

"Ni bati. Kesho itakatika, kinyozi ataibadili."

Mwalimu alirudi, akakaa, akampa bisibisi yake. Paneli zilikuwa zinang'aa kwenye kila paa mpaka mwisho wa mtaa, na hapakuwa na moshi hata mahali pamoja. Hilo lilikuwa zuri, na Sikio alilitazama kama kitu chake, maana mikono yake ilipita pote. Alifuta mpini wa bisibisi kwa pindo la shati, ambalo lilikuwa bado na ukijani kwenye mishono.

"Mwanangu," alisema, "siku ile ulisema swali langu tutalirudia. Sasa tumekaa, chai ipo, na hakuna anayetuharakisha. Kila paa limefungwa, na limefungwa vizuri. Sisi tuliolifunga, twende wapi?"